Taifa na Shahidi Wake: Funzo la Maisha ya Gerd Ruge

Miongoni mwa hasara ambazo taifa huweza kuzibeba miaka mingi bila ya kuzihisi, iko hasara ya kuupokea ulimwengu wote kwa masimulizi ya wengine. Mtu akilifungua gazeti leo katika Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hukuta kurasa za mambo ya nyumbani zimeandikwa na watu waliosimama mahali jambo lilipotukia, wakaiona sura ya mlalamikaji na kuisikia sauti ya mshitakiwa; lakini akifika kwenye ukurasa wa mambo ya dunia, aghalabu hukuta habari zilizokusanywa na mashirika ya London, Paris, New York au Beijing, zikachaguliwa kwa mujibu wa haja za wasomaji wa huko, kisha zikafasiriwa hapa usiku kwa haraka ili gazeti liwahi mtambo wa kupiga chapa. Siwalaumu wahariri wetu kwa kukitumia wanachokipata, wala sidai kwamba mashirika hayo ni ya waongo, maana wamo ndani yao watu waadilifu kabisa. Ninalodai ni kwamba taifa lililo huru lina haki, na zaidi ya haki lina wajibu, wa kuwa na shahidi wake mwenyewe katika miji ambamo mambo ya dunia huamuliwa. Na kwamba ushahidi huo haupatikani kwa safari ya siku mbili katika msafara wa kiongozi, bali kwa mtu aliyetumwa, akakaa, akazoeana na watu wa mahali pale hata wakamwambia wasiyomwambia mpita njia.

Rai hii naitegemeza juu ya maisha ya Mjerumani mmoja, Gerd Ruge, aliyezaliwa Hamburg tarehe 9 Agosti 1928, akafariki dunia München tarehe 15 Oktoba 2021 akiwa na umri wa miaka 93. Kwa wasomaji wetu wengi jina lake ni geni, ilhali kwa Wajerumani waliokua baada ya vita vya pili vya dunia, Moscow, Washington na Beijing zilikuwa miji iliyosimuliwa kwa sauti yake: sauti isiyo na madaha, yenye kumung'unya maneno kidogo, ambayo walimu wa utangazaji pengine wangeikosoa, lakini ambayo wasikilizaji waliiamini kuliko nyingi zilizonyooka.

Ili kuifahamu thamani ya mtu huyo ni lazima kwanza kuifahamu nyumba iliyomlea. Ruge alikulia katika nchi ambamo redio ilikuwa mali ya wizara ya propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, ambamo serikali iliwauzia raia vyombo vya redio vya bei nafuu ili hadaa yake isikose nyumba ya kuingia, na ambamo kusikiliza idhaa ya kigeni wakati wa vita kulikuwa kosa la jinai. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na umri wa miaka 16, mji wake wa kuzaliwa umegeuzwa magofu kwa mabomu, na watu wake wamegundua, kwa aibu kubwa, kwamba miaka 12 walikuwa wakiambiwa mambo ya dunia na wale tu waliokuwa na haja ya kuwadanganya. Waingereza walioitawala sehemu ya kaskazini-magharibi ya Ujerumani walianzisha Hamburg shirika la utangazaji lililoitwa NWDR, na kazi ya kulisimamia wakampa Hugh Carleton Greene wa BBC, ambaye alikazania jambo moja: kwamba redio isiwe ya serikali, wala isiwe ya tajiri mmoja, bali iwe amana ya umma, ikiendeshwa kwa ada ya wasikilizaji wenyewe. Katika shirika hilo ndimo Ruge alimoingia mwaka 1949, kijana wa miaka 20 na ushei.

Msingi huo haukudumu kwa kuwa wanasiasa waliupenda. Kansela Konrad Adenauer, ambaye hakuridhika na televisheni asiyoweza kuiamuru, aliunda kampuni ya televisheni chini ya serikali yake ya shirikisho. Lakini tarehe 28 Februari 1961 Mahakama ya Katiba ilimzuia, ikaamua kwamba chombo chenye nguvu kama hicho hakiwezi kukabidhiwa kwa dola wala kwa kundi moja la jamii. Nalitaja jambo hili mapema kwa makusudi, kwa sababu mwandishi wa nchi za nje, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuwa shahidi mwaminifu ikiwa yule anayempa mshahara ana haki ya kuusahihisha ushahidi wake.

Mwaka 1950 Ruge alipata ruhusa ya kuingia Yugoslavia, akiwa mwandishi wa kwanza wa Kijerumani kufika huko baada ya vita, katika nchi ambayo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameiumiza vibaya mno miaka michache tu iliyotangulia. Mwaka 1956 alipelekwa Moscow kuwa mwandishi wa kwanza wa kudumu wa redio ya Ujerumani Magharibi. Inafaa msomaji atue hapa na kuutafakari uzito wa kazi hiyo. Ilikuwa imepita miaka 11 tangu kumalizika vita ambavyo inakadiriwa viliwaua Warusi na ndugu zao wa Muungano wa Kisovieti watu milioni 27. Uhusiano wa kibalozi kati ya Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, na Moscow ulikuwa umefunguliwa Septemba 1955 tu, alipokwenda Adenauer kuomba wafungwa wa mwisho wa vita warejeshwe kwao. Na waandishi wa kigeni hawakuruhusiwa kutoka nje ya mji watakavyo, huku kila taarifa yao ikipelekwa kwanza katika ofisi kuu ya simu za maandishi, ikasomwa na mkaguzi wasiyemwona, ikarudishwa ikiwa imepigwa muhuri au imekatwa nusu. Katika hali kama hiyo mtu dhaifu huishia kunakili magazeti ya serikali, na mtu mwenye kiburi huishia kuandika matusi kwa wenyeji wake. Ruge alichagua njia ya tatu iliyo ngumu zaidi, nayo ni kutafuta watu.

Miongoni mwa watu hao alikuwamo Boris Pasternak, mshairi aliyeishi katika kijiji cha waandishi cha Peredelkino, nje kidogo ya Moscow. Riwaya yake ya Doctor Zhivago ilikataliwa kuchapishwa kwao, ikatolewa Italia mwaka 1957. Na mwaka uliofuata, alipotunukiwa tuzo ya Nobel ya fasihi, alifukuzwa katika chama cha waandishi, akashambuliwa magazetini na watu ambao wengi wao hawakuwa wamekisoma kitabu chenyewe, mpaka akalazimika kuikataa tuzo hiyo. Ruge alikuwa akimtembelea, na mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu maisha yake. Mtu aliyeketi Bonn angeweza kuiandika habari ya Pasternak kama silaha ya vita baridi, yaani Magharibi kumchapa Mashariki kwa fimbo ya mshairi. Lakini mtu aliyekwenda kijijini, akaketi na mzee yule na kumsikiliza, alijua kwamba mbele yake yuko mwanadamu aipendaye nchi yake kiasi cha kutotaka kuihama hata inapomtesa. Hiyo ndiyo tofauti baina ya habari iliyookotwa na habari iliyoshuhudiwa, na haiwezi kufidiwa kwa ufundi wowote wa uandishi.

Huenda mtu akauliza kama mwandishi aliyewaona wanyonge kwa karibu namna hiyo anaweza bado kuwa mwadilifu kwa pande zote. Jibu la Ruge lilikuwa la vitendo. Mwaka 1961, mara baada ya Peter Benenson kutoa wito wake mjini London kwa ajili ya wafungwa waliosahauliwa, Ruge pamoja na Carola Stern na Felix Rexhausen walikuwa miongoni mwa waliounda tawi la Ujerumani la Amnesty International mjini Köln. Katika miaka yake ya mwanzo jumuiya hiyo ilikuwa na kanuni ya kupendeza: kila kikundi cha wanachama kilipewa wafungwa watatu wa kuwatetea, mmoja kutoka nchi za Magharibi, mmoja kutoka nchi za kikomunisti, na mmoja kutoka nchi za ulimwengu wa tatu, ili pasiwe na mtu wa kuihurumia dhuluma ya upande mmoja na kuifumbia macho ya upande mwingine. Insafu ya namna hiyo haimtaki mwandishi aikane dhamiri yake. Inamtaka aitumie kwa kipimo kimoja kwa watu wote.

Aprili 1963 Ruge na mwenzake Klaus Bölling walianzisha kipindi cha televisheni kilichoitwa Weltspiegel, yaani Kioo cha Dunia, ambacho kazi yake ilikuwa moja tu: kuwapa waandishi walio ugenini wasaa wa kusimulia kwa urefu yale ambayo taarifa ya habari ya kila usiku huyataja kwa sentensi mbili. Kipindi hicho kingali hai mpaka leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, katika siku ya Jumapili ambapo familia ziko nyumbani. Mwaka huo huo wa 1963, kwa bahati njema, ndio mwaka ambao Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza kusikika kutoka Ujerumani, ikawa sehemu ya maisha ya wasikilizaji wa Unguja, Kigoma, Mombasa na Bukavu. Na wazee wetu waliokuwa wakiitega masikio jioni wanajua vyema jinsi taifa lingine linavyoweza kutuletea ulimwengu majumbani mwetu, kwa lugha yetu wenyewe, na kwa uchaguzi wake.

Kutoka mwaka 1964 Ruge alikuwa Washington, wakati Marekani ilipokuwa imegawanyika juu ya vita vya Vietnam na haki za watu weusi. Aprili 1968 alitangaza habari za kuuawa kwa Martin Luther King mjini Memphis; na haikupita miezi miwili na siku chache, usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni, alikuwa katika Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Seneta Robert Kennedy alipowashukuru wafuasi wake kwa kumpa ushindi katika uchaguzi wa awali wa California. Kennedy alishuka jukwaani akapitia njia ya jikoni ili kufupisha safari, akawa anawapa mikono wapishi na watumishi waliopanga mstari kumwona. Hapo risasi zikalia, na kijana mmoja mtumishi aliyekuwa ametoka tu kumpa mkono akapiga magoti sakafuni kumwinua kichwa. Kennedy alifariki kesho yake, tarehe 6 Juni. Wajerumani walioifuatilia habari hiyo waliipata kutoka kwa mwenzao aliyekuwa ndani ya jengo lile lile, aliyewaona watu wakilia na kupiga mayowe, na ambaye, kwa kuwa alikwisha kukaa miaka minne katika nchi hiyo, aliweza kuwaeleza ni tumaini la nani lililokuwa limeangushwa pale.

Nitaipita kwa haraka miaka aliyosimamia ofisi ya utangazaji ya Bonn, na ile iliyotoka 1973 hadi 1976 alipoiacha televisheni akaenda Beijing kuliandikia gazeti la Die Welt, katika siku za mwisho za Mao, wakati waandishi wa kigeni mjini humo walikuwa wachache na milango ya kuwafikia wananchi karibu yote imefungwa. Nataka nifike mwaka 1987. Wakati huo Ruge alikuwa amekwisha kuongoza kipindi cha siasa cha Monitor, amekwisha kukalia kiti cha mhariri mkuu wa televisheni ya WDR, shirika la utangazaji la Köln, na umri wake unakaribia miaka 60. Kwa mila za ofisi nyingi, mtu wa daraja hiyo hupewa chumba kikubwa na ushauri wa kutoa, akasubiri pensheni. Yeye akaomba kurudi Moscow, mji ule ule alioujua tangu 1956, akaisimamia ofisi ya huko mpaka 1993. Kwa hiyo tarehe 19 Agosti 1991, vifaru vilipoingia katika njia za Moscow ili kumwondoa Mikhail Gorbachev, na televisheni ya dola ikawa inawaonyesha raia mchezo wa dansi wa Swan Lake ilhali nchi yao inayumba, Wajerumani walikuwa na mtu aliyeweza kuilinganisha siku hiyo na miaka 35 iliyoitangulia. Alijua sura ya hofu ya zamani, na kwa sababu aliijua, aliweza kuwatambulisha watazamaji wake jambo jipya lililotokea mbele ya jengo la bunge la Urusi, ambapo raia walisimama kati ya vifaru na Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, bila ya kukimbia.

Hata baada ya kustaafu mwaka 1993 hakuketi. Aliendelea kusafiri na kupiga filamu, Siberia na kwingineko, akiwa na desturi iliyompa umaarufu kuliko mahojiano yake na wakubwa: aliwasimamisha watu wa kawaida njiani, mkulima, dereva, bibi auzaye viazi kando ya barabara, akawauliza maswali mepesi kabisa, wanaishije, wanapata nini, wanaogopa nini, kisha akanyamaza na kuwaacha waseme. Wengi huudhania wepesi huo kuwa upungufu wa elimu. Mimi nauhesabu kuwa daraja ya juu ya kazi hii, kwa sababu swali refu mara nyingi hubeba jibu lake ndani yake, na humlazimisha anayeulizwa kukubali au kukataa fikra za muulizaji. Lakini swali jepesi humpa mtu heshima ya kujieleza kwa kipimo chake mwenyewe.

Naijua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ni ya fedha. Itasemwa kwamba Ujerumani ni nchi tajiri, ambamo kila nyumba hulipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya utangazaji wa umma, na kwamba magazeti yetu yanashindwa kumpeleka mwandishi Mtwara au Turkana, sembuse Beijing. Itasemwa pia kwamba simu za mkononi zimeondoa haja ya mjumbe, kwa kuwa picha ya vita au ya gharika hutufikia kabla mwandishi hajafunga mkoba wake. Hoja ya pili ni nyepesi kuijibu: picha hutufikia, lakini hatujui nani kaipiga, nini kimeachwa nje yake, na nani angekuwa na jibu tofauti kama angeulizwa. Kadiri picha zinavyozidi kuwa nyingi, ndivyo haja ya shahidi mwenye jina na dhamana inavyozidi kuwa kubwa.

Hoja ya fedha inastahili jibu refu zaidi, na jibu hilo limo katika taifa lile lile la Ruge. ARD, ambayo watu wengi huidhania kuwa shirika moja kubwa, ni umoja ulioundwa mwaka 1950 na mashirika ya majimbo, ambayo leo yako 9. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuwa na waandishi wake duniani kote. Basi yamegawana kazi: shirika la WDR la Köln huangalia ofisi ya Moscow, shirika la SWR la kusini-magharibi huangalia ofisi ya televisheni ya Nairobi, na kila moja hupata matunda ya kazi ya wenzake. Kwa njia hiyo umoja huo una ofisi karibu 30 katika dunia. Sasa tujiulize kwa uwazi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8, kila nchi ina shirika lake la utangazaji wa umma, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo; ni kizuizi gani kinachokataza mashirika hayo kugawana ofisi chache, Tanzania ikaangalia moja, Kenya moja, Kongo moja, Uganda moja, na taarifa zake zikasomwa kwa Kiswahili katika idhaa zote na kuchapwa katika magazeti yote yatakayochangia?

Faida yake ingeonekana upesi. Shirika la habari la London likimweka mtu China, humtuma kuuliza juu ya ugomvi wa Beijing na Washington, na hilo ni haki yake. Shahidi wetu angeuliza pia juu ya wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba wanaonunua bidhaa Guangzhou, juu ya masharti ya mikopo iliyojenga reli na bandari zetu, juu ya wanafunzi wetu waliomo katika vyuo vya huko. Shahidi wetu katika Ghuba angekwenda kwenye nyumba ambamo mabinti wa pwani na wa bara hufanya kazi za ndani, akawasikiliza kwa lugha yao. Na shahidi wetu Goma angekaa huko hata katika miezi ambayo bunduki zimenyamaza na dunia imegeuza uso, kwa kuwa kwetu sisi Kongo ni ndugu wa jumuiya moja. Ofisi za kigeni zilizoko Nairobi, pamoja na ustadi wa waliomo, zimepewa nchi nyingi mno kwa watu wachache mno, na zinawajibika kwa watazamaji wa makwao. Si haki kuzidai ziifanye kazi ambayo ni yetu.

Lakini jambo hilo likifanywa bila ya sharti lile la Mahakama ya Katiba la 1961, yaani bila ya sheria inayomzuia mkubwa yeyote kumwamuru mwandishi aseme nini, ni afadhali lisifanywe, maana tutakuwa tumeongeza makarani wa ubalozi kwa gharama ya wananchi. Wanaopaswa kulianza ni mabunge yetu kwa kutunga sheria hiyo, na mashirika yetu ya utangazaji kwa kuketi pamoja na kugawana gharama. Na vyuo vyetu vya uandishi wa habari vinapaswa kuanza sasa kuwafundisha vijana Kichina, Kiarabu, Kifaransa na Kireno, na kuwazoesha subira ya kukaa mahali pamoja miaka minne au mitano. Ujerumani iliyomtuma Gerd Ruge ulimwenguni ilikuwa taifa lililoshindwa vita, lililoaibika, na lililokuwa bado linaondoa vifusi katika miji yake. Haikungoja utajiri ukamilike ndipo itafute ukweli. Na sisi hatuna udhuru wa kungoja.